Mbezi Ipi?

Jiji la Dar es Salaam lina Mbezi mbili: moja iko upande wa bahari, kando ya barabara ya Bagamoyo, nyingine iko barabara ya Morogoro. Zinatofautishwa kwa nomino inayofuata: Mbezi Beach, Mbezi Luis. Wapo wanaodai kwamba kupanga nomino mbili bila kiunganishi ni tabia tuliyoiokota kwenye Kiingereza, ambacho nomino yake hufanya kazi ya kivumishi. Mpangilio wenyewe unawakanusha. Katika Kiingereza nomino inayofafanua hutangulia, kwa hiyo Mbezi Beach ingekuwa ufukwe uitwao Mbezi. Mkazi wa Dar anaposema Mbezi Beach imejengeka, hazungumzii mchanga na mawimbi. Anazungumzia Mbezi ile ya ufukweni. Neno ni la kigeni, lakini limekaa nyuma, mahali pa kivumishi cha Kiswahili. Stendi kuu ya mabasi iliyofunguliwa Mbezi Luis mwaka 2021, kuchukua nafasi ya ile ya Ubungo, inathibitisha jambo hilohilo: jina lake la Kiingereza linaanza na Magufuli, ilhali abiria husema stendi ya Magufuli.

Tena mtindo huu ni wa kale. Punda milia ni nomino mbili tupu, na hakuna aliyengoja shule ya mkoloni ili amwite mnyama huyo hivyo. Ushahidi ninaouthamini zaidi ni wa bata. Kamusi za wamisionari wa karne ya 19 ziliandika bata la mzinga na bata la Bukini, Bukini likiwa jina la zamani la Madagaska. Leo tunasema bata mzinga na bata bukini. Kiunganishi kilidondoka maelezo yalipogeuka kuwa jina, na ndege akawa na aina yake.

Atakayesema huo ni uvivu wa ulimi, au haraka ya makondakta wanaoita abiria, ana hoja ya kujibiwa, maana haraka ipo. Lakini haraka ingefyeka kila kiunganishi njiani. Mbona makondakta haohao wanaita Tandale kwa Mtogole, na “kwa” haiguswi? Kwa sababu “kwa” hapo ina mzigo wake: inataja makazi ya mtu. “Ya” haina mzigo huo, ndiyo maana Luis amebaki ameegemea Mbezi peke yake.