Jiwe la Fort Jesus na majina yaliyobaki ulimini

Nje ya Fort Jesus, Mombasa, pana ukumbusho wa vita ambao wageni wengi huupita tu wakikimbilia lango la ngome. Ni ukumbusho wa kikosi cha Arab Rifles na kamanda wake, Meja Arthur Wavell, aliyeuawa Mwele Ndogo, Kwale, Januari 9, 1916. Kila mjadala kuhusu sanamu za kikoloni unapozuka, hawakosi wanaotaka mawe ya aina hii yang'olewe. Mimi nasema yaachwe. Ila yasiachwe yakisema peke yake.

Wavell mwenyewe ni mtu wa ajabu kidogo. Mwaka 1908 alikwenda Maka akijifanya Mwislamu kutoka Zanzibar, akiandamana na Mswahili wa Mombasa aitwaye Masaudi, kisha akaandika kitabu kuhusu safari hiyo. Vita vilipoanza 1914, ujuzi wake wa Kiarabu na Kiswahili ndio uliomwezesha kuunda kikosi. Aliowaandikisha wengi wao walikuwa Waarabu wa Hadhramaut, hao ambao watu wa Mombasa huwaita Washihiri, watu waliozoea kazi za sulubu mjini. Wajerumani walipovuka mpaka mwezi Septemba wakiinyemelea Mombasa kupitia pwani ya kusini, hawa ni miongoni mwa waliosimama kuwazuia huko Majoreni na Gazi.

Sasa tafakari jambo hili. Novemba 1914 Uingereza iliingia vitani na Dola ya Uturuki, na Sultani wa Uturuki akatangaza jihadi. Waislamu hawa wa Mombasa wakaendelea kubeba bunduki za Mwingereza. Kwa nini? Je, ni mshahara? Ni kumwamini Wavell? Ni kulinda mji wao? Jiwe halijibu.

Jina la Mwele nalo halikuwa geni masikioni mwa Waingereza. Mwaka 1895 walilivamia boma la Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui huko Mwele, naye baadaye akakimbilia upande wa Wajerumani. Ukoo huo ndio uliowahi kuitawala Fort Jesus hadi 1837. Yaani, miaka ishirini tu baada ya kuwapiga watu wa pwani, Waingereza walikuwa wakiwaomba watu wa pwani hiyohiyo wawapiganie.

Ngome yenyewe imezoea kusemeshwa lugha za wenye nguvu. Juu ya lango lake kuna maandishi ya Kireno ya mwaka 1639 yanayojigamba jinsi nahodha mmoja alivyoitiisha pwani. Ndani kuna maandishi ya Kiarabu ya enzi za Waomani. Nje, kando ya ngome, upo mzinga wa manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyoangamizwa katika delta ya Rufiji Julai 1915. Kila mshindi aliacha alama yake.

Na Kiswahili je? Kiswahili hakikuchonga jiwe. Kilichukua neno. Wataalamu wa etimolojia wanatuambia kuwa 'gereza' limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa, 'igreja'. Wareno walikuwa na kanisa ndani ya ngome, na Waswahili wakaiita ngome nzima gereza. Ajabu ya Musa ni kwamba Waingereza waliigeuza Fort Jesus kuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958, na neno likatulia katika maana tuliyo nayo leo. Neno moja limebeba historia ya tawala kadhaa.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa vita vile. Jijini Nairobi, katika barabara ya Kenyatta, ipo sanamu ya askari iliyosimamishwa 1928. Maandishi yake yanamwahidi mpiganaji kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Yasome mpaka mwisho: hakuna jina hata moja la aliyekufa. Na waliokufa hawakuwa wachache. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba wapagazi wapatao 45,000 kutoka Kenya pekee walipoteza maisha, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi.

Lakini nenda sokoni Kariokor, Nairobi, au Kariakoo, Dar es Salaam. Majina hayo ni 'Carrier Corps', kikosi cha wapagazi, yaliyotafunwa na ndimi za watu mpaka yakawa yetu. Aidha, herufi K.A.R. za kikosi cha King's African Rifles zilizaa neno 'keya', na Kiswahili cha kambini kikaitwa KiKAR. Anayenunua vyondo Kariokor anawataja wafu wale bila kujua. Nionavyo mimi, huo ni ukumbusho mkubwa kuliko shaba na mawe, kwa kuwa haukuagizwa na serikali yoyote.

Hata hivyo, lugha nayo ina upungufu. Neno Kariokor hukumbuka umati. Halimkumbuki mtu na jina lake. Kazi hiyo imebaki kwetu. Vyuo vikuu vya pwani viwatume wanafunzi wa historia na Kiswahili Mji wa Kale, Gazi na Kwale wakaulize katika familia: nani alikwenda na Wavell, na nani hakurudi? Waliopigana hawapo tena, na wajukuu wao nao wanazidi kupungua. Majina yatakayopatikana yaandikwe kwa Kiswahili, yawekwe palepale karibu na jiwe la Meja. Tukiling'oa jiwe hilo leo, tutakuwa tumeondoa ushahidi pekee unaotulazimisha kuuliza wale wengine walikuwa akina nani.