Mchinja Kondoo wa Watts

Agosti 1965 mtaa wa Watts, kusini mwa Los Angeles, uliwaka moto siku sita, watu 34 wakafa. Kamera nyingi zilizoingia huko zilifuata moshi. Charles Burnett, mzaliwa wa Mississippi wa mwaka 1944 aliyekulia Watts, alitafuta kile ambacho moshi ulikifunika: namna watu wanavyoamka, wanavyokwenda kazini na kurejea.

Filamu yake, *Killer of Sheep*, ilikuwa kazi ya kuhitimu Chuo Kikuu cha California, ambako Mhabeshi Haile Gerima naye alisoma. Aliipiga mwanzoni mwa miaka ya 1970, mara nyingi mwishoni mwa wiki, kwa fedha zisizofika dola 10,000. Wengi wa wahusika hawakuwa waigizaji wa kazi.

Stan anafanya kazi machinjioni na usingizi umemkimbia. Watu wawili wanapokuja kumshawishi aingie katika uhalifu, mkewe ndiye anayewatimua. Stan na mwenzake wananunua injini kuukuu, wanaishusha ngazi kwa jasho, wanaiweka ukingoni mwa gari. Gari linapoondoka, injini inaanguka na kupasuka. Wanaitazama, wanakwenda zao. Burnett haongezi neno, wala muziki wa kutuliza. Mtunzi wa huruma za bei rahisi angemtia Stan machozi na kuuharibu ukweli wote, kwani mwenye shida hana nafasi ya kulilia kila kilichovunjika.

Tena Stan hakubali kuitwa maskini. Maskini, asema, hana cha kutoa sadaka, naye hutoa. (Wanaopanga watu madaraja kwa kipato wangefaa kukisikiliza kipande hicho mara mbili.)

Mwaka 1990 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka filamu hiyo katika orodha ya zile za kuhifadhiwa, lakini haikupata kuenea majumba ya sinema hadi mwaka 2007, kwa kuwa haki za nyimbo zake hazikuwa zimelipiwa. Malipo yake yalifika dola 150,000 hivi, zaidi ya mara kumi na tano ya gharama ya filamu yenyewe. Hata hivyo nyimbo hizo hazingeweza kuondolewa. Stan na mkewe wanacheza polepole kwa sauti ya Dinah Washington, vivuli viwili mbele ya dirisha. Wimbo unakwisha, Stan anajitoa mikononi mwake na kuondoka. Mke anabaki pale dirishani.