Tumbo joto kabla ya mechi: mwanamichezo hupatwa na nini?

Msikilizaji, kila msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA ukifika, au fainali ya kombe la kata ikikaribia huko Kivinje, Somanga au Nangurukuru, tunaulizwa swali lile lile: mbona kijana aliye hodari mazoezini anakosa usingizi, anakwenda chooni kila mara na miguu inamlegea siku ya mchezo? Wengine husema ni mwoga, wengine husema karogwa. Mwishowe kijana mwenye kipaji anawekwa benchi, au anajitoa mwenyewe.

Mwili unafanya nini?

Ubongo ukiona jambo kubwa liko mbele, huamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage homoni iitwayo adrenalini. Moyo huenda mbio ili damu ifike kwa wingi kwenye misuli. Tumboni damu hupungua, ndiyo maana tumbo huvurugika na chakula hakipiti. Mikono hutoa jasho, mdomo hukauka. Huo si uchawi wala ugonjwa, ni mwili unajiweka tayari kwa kazi.

Shida huja hofu ikizidi kiasi. Misuli hukakamaa, pumzi huwa fupi, na mchezaji hamwoni mwenzake aliye wazi kupokea pasi.

Hata mabingwa

Bill Russell wa Marekani, aliyetwaa ubingwa wa mpira wa kikapu wa NBA mara 11, alijulikana kwa kutapika kabla ya mechi kubwa.

Hapa kwetu, Filbert Bayi aliingia fainali ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 akiwa na mbinu yake inayojulikana: kuongoza tangu mwanzo. Aliongoza hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia. Mwenye mpango ana kitu cha kushika, akili haibaki ikizunguka na hofu.

Alphonce Simbu naye alishika nafasi ya 5 katika marathoni ya Olimpiki ya Rio 2016, akapata shaba ya dunia London 2017, kisha dhahabu ya dunia Tokyo mwaka 2025, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 tu. Mbio za kilomita 42 ziliamuliwa hatua ya mwisho.

Kijana afanye nini?

- Alale vizuri siku kadhaa kabla. Usingizi ukimpaa usiku wa mwisho tu, asihangaike.
- Ale chakula alichokizoea, mapema, si dakika za mwisho.
- Avute pumzi kwa pua akihesabu hadi 4, aitoe taratibu akihesabu hadi 6. Arudie mara kadhaa.
- Afikirie kazi yake ya kwanza uwanjani, si kombe.
- Moyo ukidunda, ajiambie: "Mwili wangu uko tayari."

Wazazi na makocha

Kumwambia mtoto "mkifungwa usirudi nyumbani" ni kumwongezea mzigo. Mkumbusheni yale aliyoyafanya vizuri mazoezini. Ila akilalamika maumivu ya kifua, au akizimia, msiseme ni woga: mpelekeni zahanati au kituo cha afya kabla hajacheza tena.

Kutetemeka kabla ya filimbi hakumwondolei mtu ushujaa. Tusimkate kijana kikosini kwa sababu hiyo peke yake.