Mfuo, Mkono na Sindano: Historia ya Uteuzi wa Katriji za Santuri za Daraja la Juu

Katriji ni sehemu ndogo mno ya mtambo wa kuchezea santuri, lakini ndiyo pekee inayousoma mfuo wa santuri. Ndani yake mna sindano yenye ncha ya almasi, kijiti kinachoishikilia, na mfumo wa sumaku na koili za waya unaogeuza mtikisiko wa sindano kuwa umeme. Sauti ambayo sindano haikuiokota katika mfuo haiwezi kurudishwa na kikuza sauti wala spika yoyote, hata iwe ghali namna gani. Zaidi ya hayo, sindano isiyofaa huukwangua mfuo, na mfuo uliokwanguliwa hauponi. Pamoja na uzito huo, imezoeleka miongoni mwa wanunuzi kuzipanga katriji kwa ngazi ya bei, kana kwamba kila apandaye kidato kimoja huukaribia ukweli wa sauti. Makala haya yanachunguza namna baadhi ya katriji mashuhuri zilivyozaliwa kati ya mwaka 1948 na miaka ya 1970. Hoja inayojengwa ni kwamba kila moja ilibuniwa kujibu swali mahususi. Kwa hiyo ubora wake hupimwa kwa ulinganifu, wala si kwa cheo.

Swali la kwanza lilihusu upana wa mfuo. Santuri za mizunguko 78 kwa dakika zilitengenezwa kwa shelaki, yaani utomvu wa wadudu, iliyochanganywa na unga wa mawe. Unga huo uliisaga sindano ya chuma hadi ikachukua umbo la mfuo, ndiyo maana wenye gramafoni walishauriwa kubadilisha sindano kila walipomaliza upande mmoja. Kichwa cha gramafoni isiyotumia umeme kiliweza kuilemea santuri kwa uzito wa gramu 100 na zaidi. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa santuri ndefu ya vinaili yenye mizunguko 33⅓ kwa dakika, na mfuo ukawa mwembamba sana. Ncha yenye nusukipenyo cha takribani maikromita 75 iliyozoeleka katika shelaki ikaachia nafasi ncha ya takribani maikromita 25, na uzito ukashuka hadi gramu chache. Tangu hapo, mtu mwenye santuri za aina zote mbili alihitaji sindano mbili, na hapakuwa na bei ambayo ingeiwezesha moja kufanya kazi ya nyingine.

Swali la pili lililetwa na stirio. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein alikuwa ameomba hataza ya kurekodi chaneli mbili katika mfuo mmoja tangu mwaka 1931, lakini santuri za stirio zilienea sokoni kuanzia mwaka 1958. Katika santuri za awali zenye chaneli moja, sindano ilisomea mwendo wa pembeni pekee. Katika stirio, kila ukuta wa mfuo hubeba chaneli yake, na sindano hulazimika kwenda pembeni na pia juu na chini. Majibu makuu yalikuwa mawili. Kampuni ya Shure ya Marekani ilitoa katriji ya M3D mwaka 1958, ambayo sumaku yake ndogo hutikisika pamoja na kijiti huku koili zikiwa zimetulia. Ortofon ya Denmark ikatoa SPU mwaka 1959, ambayo koili zake ndizo zinazotikisika huku sumaku ikiwa imetulia.

Tofauti hiyo ya kiufundi ndiyo iliyogeuzwa baadaye kuwa tofauti ya tabaka. Koili inayotikisika sharti iwe nyepesi, hivyo huwa na mizunguko michache ya waya na hutoa umeme hafifu, mara nyingi chini ya nusu milivolti. Huhitaji transfoma au hatua ya ziada ya kukuza sauti, na kwa kawaida mtumiaji hawezi kubadilisha sindano yake mwenyewe. Katriji ya sumaku inayotikisika hutoa milivolti kadhaa, na sindano yake huchomolewa na kubadilishwa nyumbani. Gharama ya jamii ya kwanza, basi, hutokana kwa sehemu kubwa na ugumu wa kuitengeneza na vifaa inavyodai. Kuihesabu gharama hiyo kuwa ushahidi wa ubora ni kuchanganya sababu na matokeo.

Mfano unaofafanua zaidi ni ule wa Denon DL-103. Katriji hii ya koili inayotikisika ilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ushirikiano na shirika la utangazaji la Japani, NHK, kwa ajili ya studio za redio, na ikauzwa kwa umma mwaka 1970. Mtangazaji alihitaji kifaa cha kutegemewa, kitakachotoa sauti ileile siku baada ya siku. Ncha yake ni ya duara la kawaida, na kiungo kinachoshikilia kijiti chake ni kigumu. Shure V15 ya mwaka 1964 ilifuata njia tofauti: ncha yake ilikuwa ya umbo la duaradufu, kijiti chake kililegea zaidi, na uzito wake juu ya santuri ulikuwa mdogo.

Hapa ndipo mkono wa mtambo unapoingia katika hoja. Mkono na katriji kwa pamoja huwa na mtikisiko wa asili, ambao hutakiwa kuangukia takribani hezi 8 hadi 12, yaani juu ya mawimbi ya santuri iliyopinda na chini ya sauti nzito za muziki. Katriji ngumu kama DL-103 huhitaji mkono mzito. Katriji laini kama V15 huhitaji mkono mwepesi. Ukizibadilishana, zote mbili zitaonekana duni, ilhali kosa si la yoyote kati yake.

Hata maumbo ya ncha yanayouzwa leo kama anasa yana asili ya kikazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Norio Shibata wa kampuni ya JVC alibuni ncha yenye jina lake kwa ajili ya santuri za chaneli nne za mfumo wa CD-4, zilizokuwa na wimbi mbebaji la kilohezi 30. Santuri hizo hazikudumu sokoni, lakini ncha ilibaki, kwa kuwa huugusa ukuta wa mfuo kwa eneo refu zaidi.

Kwa mtafiti wa muziki wa Kiswahili, suala hili si la starehe. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa ajili ya kampuni ya Gramophone, na nyimbo hizo zilitoka katika santuri za shelaki. Mtafiti akiweka sindano ya santuri ndefu juu ya santuri ya namna hiyo, hata iwe ya thamani kubwa, ncha itashuka hadi sakafu ya mfuo na kuokota vumbi na kelele. Ncha pana iliyochaguliwa kwa kipimo yaweza kugusa sehemu ya ukuta ambayo sindano za chuma hazikuifikia. Aidha, kwa kuwa sauti imo katika mwendo wa pembeni, kuziunganisha chaneli mbili za katriji ya stirio ziwe moja hupunguza kelele za mwendo wa juu na chini.

Kwa kuhitimisha, historia iliyojadiliwa inaonesha kwamba uteuzi wa katriji huanza na santuri, hufuata mkono, kisha kikuza sauti. Bei huja mwisho. Mpangilio huo ukigeuzwa, mnunuzi hupoteza fedha zake. Mhifadhi akiugeuza, hasara ni kubwa zaidi, kwani nakala iliyosalia peke yake ikiharibiwa na sindano, hakuna katriji itakayoirejesha sauti iliyokuwamo.