Chai ya Kichina ya kupunguza unene: kinachopungua ni maji

Wakazi wa Migori na Homa Bay waujuao utomvu mchungu wa ogaka, yaani mshubiri, wanaijua pia siri ya chai ya Kichina ya kupunguza unene. Nyingi ya chai hizo huwa na majani ya sanamaki, ambayo, sawa na utomvu huo, ni haluli tu. Huchochea utumbo mpana utoe maji na madini ya potasiamu, ilhali chakula kimekwisha kufyonzwa katika utumbo mwembamba. Mizani hushuka, kisha hupanda mara mtu anywapo maji, mafuta hayajaguswa.

Mmea mwingine, mahuang, huongeza kasi ya moyo na shinikizo la damu. Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyake mwaka wa 2004.

Balaa kubwa zaidi lilitokea Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katika vidonge vya kukondesha vilivyotolewa jijini Brussels, mmea wa fangji ulikuwa umebadilishwa na guang fangji, wenye sumu. Majina yalikaribiana mno! Watu zaidi ya 100, takriban wote wanawake, waliharibikiwa na figo, na baadhi yao baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo.