Dhoruba ya Mwaka 1872 na Misheni ya Bagamoyo

Tarehe 15 Aprili 1872 dhoruba kuu iliipiga Unguja, ikaing'oa mikarafuu na kuziangamiza merikebu za Sultani Barghash. Majira hayohayo, huko bara, mto Ngerengere ulifurika ukabomoa ukuta wa mji wa Simbamwene. Bagamoyo, misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868, ilibomolewa majengo yake. Hata hivyo haikuhama. Watoto waliokombolewa utumwani hawakuwa na kwao pengine. Basi ikajengwa upya palepale.

Nasi wa Masukulu, ambao wazee wetu waliwapokea wamisionari Unyakyusa mwaka 1891, twaona kila masika maji yakiteremka Kyela. Yatupasa kuuliza: yakibomoa, nani hana pa kwenda, naye atalala kwa nani?