Logi na bakapu: bei ya mfumo wa mizigo usiozimika

Lori likifika Malaba au Rusumo, dereva hasubiri mizani peke yake. Husubiri pia kompyuta ijibu. Mfumo wa wakala ukizimika, hati hukwama na mwenye mzigo hulipia siku za kusubiri. Kwa sababu hiyo kampuni nyingi hutaka hifadhidata isiyozimika, na sehemu ya bei yake hulipwa kwa kasi.

Hifadhidata nyingi huandika kila badiliko kwanza kwenye logi. Umeme ukikatika, logi husomwa upya na kazi iliyothibitishwa hurudi. Lakini kabla ya karani kujibiwa kwamba hati imepokelewa, logi lazima iwe imeshuka diskini kweli. Hapo ndipo penye foleni. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hufanya mizunguko 120 kwa sekunde. Karani mmoja anayethibitisha rekodi moja moja hupata takriban rekodi 120 kwa sekunde, hata prosesa iwe na nguvu kiasi gani. Kuthibitisha rekodi mia kwa pamoja, au kuipa logi diski yake, hupunguza msongamano. MySQL huruhusu pia logi ishushwe diskini mara moja tu kwa sekunde. Kasi hupanda, ila umeme ukikatika kazi ya sekunde hiyo inaweza kupotea. Kwa orodha ya bei inavumilika. Kwa malipo ya ushuru, hapana.

Bakapu nzima husoma hifadhidata yote na kugombania diski na makarani. Ushauri wa kuifanya usiku haufai sana kwa mpaka unaofanya kazi saa 24. Njia bora ni kuhifadhi logi zenyewe, jambo ambalo PostgreSQL imeliweza tangu toleo la 8.0 la mwaka 2005. Nafasi ya akiba hiyo iangaliwe kila siku: kwenye Oracle ikijaa, mabadiliko yote husimama.

Seva ya pili nayo ina gharama. Nairobi hadi Mombasa ni kilomita 480 hivi, na mwanga ndani ya waya wa faiba husafiri kilomita 200 kwa milisekunde. Seva kuu ikingoja jibu la Mombasa, kila uthibitisho huongezeka milisekunde 5 au zaidi. Isipongoja, rekodi za mwisho zinaweza kupotea. Na ikiwa imewekewa sharti la kungoja, waya ukikatika seva kuu nayo hugoma kuthibitisha hadi msimamizi aliondoe sharti hilo.